Hiyo Si Feri, Mama

Wanangu mnaosomea uuguzi, kahawa mshakunywa na halua mmeimaliza, kwa hivyo hamna tena kisingizio cha kuniaga. Kaeni niwape mliyoyafuata. Mwataka niwaeleze safari yangu ya feri kwenda mji mkuu wa nchi ya jirani. Nitawaeleza, ila nawatahadharisha mapema: mpaka leo sina hakika kama ule ni mji mkuu, wala sina hakika kama ile ni feri.

Mimi shuleni nilifundishwa kwamba mji mkuu wa Tanzania ni Daressalamu, nikapigiwa makofi kwa kulijibu hilo. Basi tulipokuwa katikati ya bahari, tumetoka Unguja, nikamwambia bwana mmoja aliyekaa karibu nami, "Namshukuru Mungu, nami nitauona mji mkuu wenu." Akanitazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mgonjwa wa homa anayezungumza na ukuta. "Mji mkuu ni Dodoma, mama," akasema. "Na Dodoma haina bahari." Nikamuuliza, na huko Unguja tulikotoka, si kuna rais? Akasema yuko, lakini ni mwingine. Kuna maswali ukiyauliza zaidi hupotea zaidi.

Kabla sijafika huko, lazima mjue nilikuwa kwenye chombo kile kwa kazi gani.

Mimi ni mtoto wa Amu, yaani Lamu, lakini uuguzi wangu wote niliufanyia Faza. Nilipoajiriwa nilidhani nitavaa gauni jeupe na kofia, nipime joto watu. Sikujua nusu ya kazi ingekuwa baharini. Hospitali kubwa iko Amu, sisi wa Faza tuko kisiwa cha Pate, na baina yetu ni maji. Mgonjwa akizidi, hupakiwa botini, na muuguzi humsindikiza. Maji yakiwa yametoka, boti haifiki gatini, basi mgonjwa hubebwa kwenye kitanda cha kamba, na wewe wafuata nyuma, tope limekufika magotini, umeinua chupa ya dripu juu kama mtu anayebeba taa.

Aliyenifunza kazi hiyo ni Sista Rehema, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mnene, na hakuna nahodha aliyethubutu kumjibu. Alinifunza kwamba mgonjwa hawekwi mbele ya boti, kwa sababu mbele ndiko wimbi linakopiga. Mweke nyuma, karibu na mashine, hata kama kuna kelele na harufu. Alinifunza kufunga kanga mbili kavu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa bahari itakurowesha utake usitake, na mgonjwa hufa kwa baridi kabla ya kufa kwa ugonjwa. Alinifunza nisimpe mgonjwa chai ya maziwa safarini. Tangawizi, sawa. Kidonge cha kuzuia kutapika, nusu tu, kwa kuwa kidonge kizima humlevya mtu.

Na juu ya wasioona alikuwa na neno lake. "Esha," akaniambia siku moja, tukimteremsha bibi mmoja kipofu, "mwache yeye akushike wewe. Ukimshika wewe, umemfanya mzigo. Akikushika yeye, umemfanya msafiri."

Mambo yalikuwa na vichekesho vyake. Kuna mara tulitoka kijiji cha Kizingitini na mama mwenye uchungu, mashine ikazima katikati, na mtoto naye akaamua hapo hapo ndipo anapotoka. Nahodha, aliyegeuza uso kwa heshima, akawa yuaniuliza kila mara, "Sista, niizime mashine? Niizime?" Mashine ilikuwa imezima zamani. Yeye kwa woga alikuwa bado yuaisikia. Mtoto yule leo ni baba wa watoto, na kila tukikutana hunipa samaki.

Siku hizi mna boti za kasi na simu. Mwapiga, mwajibiwa, mwafika. Ni jambo jema, wala sitaki kusikia mtu akisema zamani kulikuwa kuzuri. Zamani watu walikufa.

Haya, nilistaafu. Nikarudi Amu nipumzike. Ndipo Salma aliponipigia simu.

Salma ni binti wa Bwana Famau wa Kipungani, naye ameolewa Daressalamu. Bwana Famau ni mzee aliyekuwa akikusanya mikeka na majamvi ya kina mama wa kijijini kwake, akiyaleta Amu kuuza. Akaingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwanza alianza kuchanganya ukili wa mikeka, mwekundu na mweusi, kisha akawa hajui kilipo kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Salma alikuwa amepata habari ya daktari bingwa wa macho aliyekuja kwa siku chache katika hospitali moja huko, na babake amewekewa nafasi siku ya mwisho. Akikosa siku ile, haijulikani daktari atarudi lini.

"Bi Esha," Salma akaniambia, "mimi simwamini mtu mwingine yeyote na babangu."

Neno kama hilo huwezi kulikataa. Tukaenda kwa basi mpaka Mombasa, tukaruka kwa ndege mpaka Unguja kumsalimia dada yake Bwana Famau, na kutoka Unguja ikabaki feri ya asubuhi tu, siku ile ile ya daktari. "Safari fupi," watu wakatuambia. "Utakunywa soda moja, umefika."

Sasa nisikilizeni. Nimepita mkondo wa Mkanda, njia yetu ya Faza, usiku na mchana, masika na kipupwe, sijawahi kutapika. Lakini chombo kile hakikuwa kama vyombo vyetu. Madirisha yamefungwa, baridi yatoka darini, televisheni yaonyesha watu wakianguka na kucheka, na hakuna hata pumzi moja ya upepo. Mimi bahari huijua kwa uso. Nikihisi upepo shavuni najua wimbi liko wapi na lini litatupiga. Humo ndani wimbi lilikuja bila salamu. Nikauchomoa mfuko wa karatasi wa kutapikia, nikaushika.

"Bi Esha," akauliza Bwana Famau, aliyekaa ametulia na miwani yake myeusi, "tushaondoka?"

"Tu katikati ya bahari, Bwana Famau."

"Mbona chombo hakisemi?"

Nikafungua mkoba nikatoa kidonge cha kuzuia kutapika, kile nilichowapa watu maisha yangu yote. Nikakimeza kizima, na tumbo tupu. Hata sijui kwa nini. Nadhani nilijiona mimi si mgonjwa, kwa hivyo sheria ya nusu hainihusu.

Punde si punde kichwa changu kikawa kama kimevikwa mto. Nikamwambia Bwana Famau, "Kaa papa hapa, naenda msalani, narudi." Nilipotoka msalani tangazo lilikuwa linasema tumefika, watu wote wamesimama, kila mtu na mizigo yake, na viti vyote vya chombo kile vimefanana. Nikasukumwa, nikasukuma, nikamwona mzee wangu: kanzu nyeupe, kofia ya kushona kwa mkono, miwani myeusi, amekaa kimya pembeni. Nikamshika mkono. Angalieni, nilimshika mimi. Laiti ningemwambia anishike yeye, angeniuliza kwa nini, na mambo yangeishia hapo.

"Twende, Bwana Famau."

"Alhamdulillahi," akajibu.

Tukateremka pole pole. Nilikuwa naangalia ngazi, si uso wake. Nje kulikuwa na jua la kupasua kichwa, wachukuzi wanaita, madereva wanaita. Salma sikumwona. Tukasimama kando ya ukuta. Mzee akavua miwani akaipangusa kwa kanzu, akainua macho juu, akasoma pole pole kibao kilichokuwa ng'ambo ya barabara: "Ha-i-ru-hu-si-wi kuegesha magari hapa."

Wallahi nilidhani amepona. Kwa muda wa pumzi moja mbili nilisimama pale nikimshukuru Mungu aliyemfungua mzee macho bila kisu.

"Bwana Famau! Waona?"

"Eeh," akasema, "jua kali sana."

Ndipo nilipomtazama. Alikuwa na ndevu zilizopakwa hina. Bwana Famau hana hata unywele kidevuni.

Nikamwachia mkono, kisha nikamshika tena, maana huyu naye nikimpoteza nitakuwa nimepoteza wawili. Nikamvuta mpaka kwa mlinzi wa geti.

"Mwanangu, nimepoteza mzee. Amevaa kanzu na miwani myeusi, haoni."

Mlinzi akamtazama mzee niliyemshika. "Si huyu hapa?"

"Huyu si wangu."

"Ni wa nani?"

"Sijui."

"Umemtoa wapi?"

"Humo chomboni."

"Na yeye amekubali?"

Mzee, aliyekuwa akitutazama midomo, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mkwe wangu," akamwambia mlinzi. "Amekuja kunipokea." Kumbe ni mzee wa Pemba, jina lake Mzee Hamad, masikio yake hayasikii mpaka umfokee, na alikuwa ameambiwa na mwanawe kwamba atapokewa. Mkewe mwanawe alikuwa hajamwona hata siku moja. Kwake yeye mambo yalikuwa yameenda sawasawa.

Mlinzi akaenda kuulizia, akarudi: botini hakuna mtu tena. Nikatoa simu nimpigie Salma. Laini yangu ya Kenya ilikuwa imekufa tangu Unguja. Wanangu, nimeona watu wakikata roho mikononi mwangu, sikuwahi kuingiwa na hofu ya namna ile. Mgonjwa ukimpoteza kwa maradhi, umempoteza kwa Mungu. Huyu nimempoteza mjini, haoni, hana simu, na daktari wake yuaondoka leo. Na kile kidonge hakiniachi nifikiri. Fikira moja ikija, yasahau ilichokuja kusema.

Mara nikasikia simu inalia kifuani mwa Mzee Hamad. Inalia na kulia, naye yuatazama njiwa.

"Mzee, simu yako!" nikamwonyesha kwa kidole. Akanipa nizungumze mimi.

"Baba, shikamoo!" ikafoka sauti ya mwanamume. "Dereva ameniambia ameshakuchukua. Safari vipi?"

"Si baba yako, mwanangu. Mimi ni Bi Esha wa Lamu. Baba yako niko naye hapa bandarini."

"Haiwezekani. Baba yuko kwenye gari langu."

"Aliye garini ni mzee wangu."

"Mzee wako anafanya nini kwenye gari langu?"

"Nami nauliza hilo hilo."

Alikuwa mtu mwenye akili, jina lake Khamis. Akaniambia nisikate simu. Nikamsikia akimpigia dereva kwa simu nyingine, kelele mbili juu ya kelele. Kisha akasema, "Mama, dereva yuko Feri kwenye foleni, hawezi kugeuza. Mchukue baba, njooni Feri sasa hivi."

"Mwanangu, niko feri. Nimeteremka feri sasa hivi."

"Hiyo si feri, mama. Hiyo ni boti. Feri ni kule kwenye pantoni."

"Pantoni ni nini?"

"Pantoni ndiyo feri."

Kwetu Kenya, ukisema feri, kila mtu ajua ni kile chombo cha kuvukia Likoni, Mombasa. Huko, kumbe, Feri ni mahali: ni soko la samaki, na ni pale chombo kinapovukia kwenda Kigamboni, ng'ambo ya mji, anakokaa Khamis. Na kilichonileta kutoka Unguja, ambacho mimi nilikiita feri tangu nakata tikiti, wenyewe hukiita boti. Boti mimi naijua. Boti ni ya Faza, ina mbao tano za kukalia. Lakini haukuwa wakati wa kushindana. Nikampigia Salma kwa simu ya Mzee Hamad. Yuko kwenye msongamano wa magari, analia. Nikamwambia, "Usije bandarini. Njoo Feri." Hakuniuliza Feri ipi. Alikuwa mwenyeji.

Tukapanda bajaji, mimi na mzee asiye wangu. Kufika huko, umati wa watu umesimama nyuma ya geti. Kabla sijauliza, geti likafunguliwa na watu wote wakaenda mbio kama wanaokimbilia daku. Hatukutembea; tulibebwa. Niliposimama tena nilikuwa juu ya chuma, mlango wa chombo unapanda nyuma yangu, na maji yanapita pembeni. Tumeshaondoka.

"Tunarudi Pemba?" akauliza Mzee Hamad.

Lakini chombo kile kilikuwa wazi. Upepo ukanipiga usoni, wa chumvi, na kichwa changu kikaanza kurudi mahali pake. Nikapenya baina ya magari, namkokota Mzee Hamad, nachungulia kila dirisha. Watu wananiangalia. Na katikati ya honi na wauza karanga nikasikia sauti ya Amu, imejaa hasira.

"Kiyana! Wanipeka wapi? Tulikuwa baharini, tukashuka. Mbona tu baharini tena? Nti hii ina bahari ngapi?"

Bwana Famau alikuwa kiti cha nyuma cha gari jeupe, ameshika mlango kwa mikono miwili. Dereva, kijana wa watu, ameloa jasho, yuamfokea sikioni kwa sauti ya juu, "TULIA MZEE! TUNAFIKA!" kwa kuwa aliambiwa mzee wake hasikii.

"Bwana Famau," nikasema.

Akageuza kichwa. "Bi Esha? Ulikuwa wapi?"

"Nilipotea."

"Aa! Mimi nilimuuliza huyu, Bi Esha yuwapi? Akanambia kwa kelele, yuko nyumbani akungojea. Nikasema, huyu mwanamke ana mbio."

Mkewe Khamis aitwa Asha. Dereva alisikia Asha. Alikuwa ametumwa akamchukue mzee wa kanzu na miwani myeusi, akamwona mmoja ameteremshwa ngazini na baharia, akamchukua. Nani angemlaumu? Nikafungua mlango, na safari hii nikamwekea Bwana Famau kiwiko changu mkononi. Akakishika kwa nguvu mpaka kikauma, wala hakukiachilia hata chombo kilipogonga ng'ambo.

Khamis alikuwa amesimama pale Kigamboni. Akamkumbatia babake, akanibusu mimi mkono, akamwambia dereva aturudishe upesi na pantoni iyo hiyo. Mzee Hamad akaniaga kwa huzuni. Nadhani mpaka leo hajaelewa kwa nini mkwe wake alimpeleka nyumbani kisha akaondoka na mwanamume mwingine.

Tuliporudi upande wa pili, Salma alikuwa amesimama mbele ya wote, kitambaa kimemwanguka mabegani. Hakunilaumu hata neno. Ningependa angenilaumu. Tulifika hospitalini na kumkuta daktari koridoni, mkoba begani, yuaaga wenzake. Salma akamsimamia mbele. Sikusikia aliyomwambia, ila nilimwona daktari akimtazama Bwana Famau, akiteremsha mkoba pole pole, akaingia tena ndani.

Walitengeneza jicho la kulia. Kesho yake muuguzi kijana, wa umri wenu, akaja kufungua bandeji. Mkono wake ulikuwa mwepesi, naye alimwambia mzee kila anachofanya kabla ya kukifanya. Nikasema moyoni, huyu amefunzwa na mtu.

Bwana Famau akapepesa. Maji yakamtoka. Alitazama dirisha kwanza, kisha mikono yake mwenyewe, akaigeuza juu chini. Kisha akamtazama Salma, ambaye hakuwa amemwona tangu alipoolewa.

"Umekonda," akamwambia. Salma akainama akalia kwenye magoti yake, naye akawa yuamshikashika kichwa kama anayekagua ukili.

Wakati wa kurudi nilimwomba twende kwa basi mpaka Mombasa. Akakataa katakata. Alitaka boti. Akasema amepita bahari ile bila kuiona, na jambo hilo lamkera. Basi tukapanda. Nilimeza nusu kidonge, nikala mkate, lakini mara tu tulipotoka bandarini tumbo likaanza tena. Nikafumba macho nikaegemeza kichwa kitini, mikono imeshika mfuko wa karatasi.

Bwana Famau alikuwa upande wa dirisha. Nikahisi akikichukua kiganja changu akikiweka juu ya mkono wake.

"Nishike, Bi Esha," akasema. "Kuna meli kubwa nyekundu, imesimama. Sasa kuna kisiwa, kidogo, kina mnara. Maji hapa ni kijani, huko mbele ni buluu iliyoiva. Laja wimbi, jitayarishe. Haya, limepita. Kuna ndege mweupe pale, yuatufuata, yuashuka, yuashuka... amepata."